Mbuzi, Chumba cha Pili

Majirani wa Chumbageni wakimuuliza mama
mwanao kule Uarabuni anafanya kazi gani,
hujibu: anapanga vitu.
Sijapata jina bora zaidi.

Tuko tisa katika nyumba kongwe ya Matrah,
wiki sita, milo miwili, kiyoyozi kinachokohoa usiku kucha.
Yupo Thuraya wa Nizwa, anayepiga picha vizingiti tu.
Yupo Ilze wa Riga, kaleta sauti za barafu ndani ya boksi.
Na mimi, nimekuja na daftari na neno "dhana"
nililolitamka mara kumi na nne siku ya kwanza.
Kuna aliyehesabu. Ni mimi.

Zoezi: lete kitu kimoja.
Kipangie chumba. Kiandikie maneno sitini.

Nikapanda basi hadi Al-Khudh, kwa Bi Zuwena bint Nasor,
aliyeondoka Wete na miaka kumi na miwili,
Kiarabu akakipata ukubwani, kama miwani.
Akakicheka Kitanga changu, akanipa maji.
Jikoni, nyuma ya mashine ya kufulia:
mbuzi.
Mvule, miguu ya kukunja, ulimi wa chuma
meno yameisha upande mmoja,
maana mkunaji wa kwanza, mamaye, alikuwa wa shoto.
"Chukua. Ila Ijumaa nakuna nazi."

Fomu ya mkopo ilitaka thamani, umri, hali.
Hali: inatumika.
Mashine ya kutafsiri ikaliona neno, ikafanya kazi yake.
Jumatatu watu wa bima wakaandika, kwa adabu nyingi:
je, mnyama amechanjwa?
Na saa za maonyesho atalishwa na nani?

Tulicheka mpaka Ilze akatoka kutafuta hewa,
akakuta Agosti imeketi mlangoni, hewa hakuna, mvuke tu.

Mkufunzi wetu, Bwana Anselm, hakucheka.
"Iinue," alisema. "Taa moja, kutoka juu.
Iache iwe umbo."
Nikatii. Sentimita mia na kumi.
Ikasimama juu ya sanduku jeupe
kama shahidi aliyeitwa mahakamani asiambiwe kesi.
Nikaandika maneno sitini. Nikafuta.
Nikaandika tena. Kila sentensi
ilinuka viatu vipya.

Usiku akaingia Rajeevan, fundi wa kutundika,
mtu wa Kozhikode, mwaka wa kumi na tisa huu
anapigilia ukutani majina ya wengine.
Akaegemeza ngazi. Hakuuliza hii nini.
Aliishusha kwa mikono miwili, akaikunjua, akaikalia,
goti mbele, na viganja vikaanza kuzunguka
vikikuna nazi isiyokuwapo.
Akaitaja kwa Kimalayalam. Nikaitaja kwa Kiswahili.
Lugha ya kuendelea hatukuwa nayo.
Tukabeba sanduku jeupe, yeye huku, mimi huku,
tukalirudisha stoo.

Asubuhi Bwana Anselm aliitazama sakafu muda mrefu.
"Mtu atajikwaa."
Nikavua kiatu, nikamwonyesha kovu la kidole gumba,
la mwaka niliotimiza miaka sita.

Ukutani, chini, usawa wa mtu aliyekaa:
*Mbuzi. Mvule na chuma.
Imetoka jikoni kwa Bi Zuwena bint Nasor, ina ahadi huko.
Inaondoka Alhamisi saa mbili usiku.*
Maneno kumi na sita tu. Yaliyobaki sikuyadai.

Ufunguzi ulikuwa Ijumaa.
Wageni, naambiwa, waliizunguka sakafu tupu kwa heshima,
mmoja akachuchumaa kuisoma michubuko ya miguu kwenye rangi.
Thuraya alinipigia picha ya kizingiti cha chumba changu
na simu yangu ikaita, ikaita, juu ya friji la Al-Khudh,
nami siwezi kuishika, tui limenifika viwikoni,
kifumbu kinateleza,
na Bi Zuwena, mgongo kanigeuzia, anaonja chumvi:
"Kamua, mwanangu.
Kasimile bado imo."